MJADALA: Wakazi tuongee kabla ya uamuzi au tusubiri "mengineyo"?

Wadau habari zenu, naomba tulijadili hili kwa utulivu japo mimi mwenyewe utulivu sina, juzi nimetoka kikaoni na hasira hazijaisha mpaka leo.

Ishu ni hii: mkazi wa kawaida, asiye diwani wala mjumbe, aruhusiwe kuongea saa ngapi kwenye kikao cha baraza la eneo lake? Mimi nasema kabla ya uamuzi, ajenda kwa ajenda. Kuna wanaosema tukae tusikilize tu, tutapewa nafasi mwishoni, kwenye kile kipengele cha "mengineyo".

Sasa huo mwishoni ngoja niwaoneshe ulivyo. Kulikuwa na ajenda ya kufunga kichochoro ambacho watoto wanapitia kwenda shule, ipo namba nne. Mama mmoja, mtoto kamlalia mapajani, kanyoosha mkono mara tatu, na mara zote tatu mwenyekiti anamjibu kwa upole kabisa, "mama hilo utalileta kwenye mengineyo". Haya tukasubiri. Kufika mengineyo ni saa tatu na nusu usiku, namba nne ilishapita kitambo, katibu kafunga daftari, wajumbe nusu wanajipapasa mifukoni kutafuta funguo. Mama kaongea dakika mbili kaambiwa "tumepokea". Mmepokea mpeleke wapi na mikono mlishanyoosha? Alafu muhtasari ukatoka, sehemu ya mengineyo imeandikwa hakukuwa na hoja. Nimeusoma mara mbili nikidhani macho yangu.

Na msiniambie ndo utaratibu wa vikao duniani kote, sio kweli. Wales walitunga sheria 2021 inayomtaka anayeongoza kikao cha baraza la jamii (yale mabaraza ya ngazi ya chini kabisa) awape waliohudhuria nafasi ya maana ya kuongelea jambo lolote litakalojadiliwa, labda tu aone kikao kitavurugika. Jirani zao England wana sheria ya 1960 inayokupa haki ya kuingia na kukaa, kuongea ni hisani ya baraza. California, Marekani, wana Brown Act ya 1953, sheria ya vikao vya wazi vya mabaraza, siku hizi inataka ajenda ibandikwe saa 72 kabla ya kikao cha kawaida na mwananchi aongee kabla jambo halijaamuliwa au likiwa linajadiliwa, na kisichokuwa kwenye ajenda, ukitoa dharura chache, hakiamuliwi siku hiyo. Tanzania nako, kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe kamili, lakini panda mpaka baraza la madiwani uone, unageuka mtazamaji.

Hiyo ya kutoamua kitu kisichokuwa kwenye ajenda naiunga mkono kabisa, maana bila hivyo watu wangepitisha mambo usiku wenzao wameshalala. Lakini ndo hapohapo tunapopigwa: ukisukumwa kwenye mengineyo umewekwa pale ambapo hakuna kinachoamuliwa. Kwa hiyo vita sio ya kupewa maiki, vita ni ya kuingia kwenye ajenda, na hiyo inapiganwa wiki mbili kabla wakati sisi wengine hata tarehe ya kikao hatuijui. Muulize katibu ajenda inafungwa lini. Andika barua, hoja moja, ukurasa mmoja. Mabaraza mengi mkazi hawezi kuleta hoja yeye mwenyewe so tafuta mjumbe wa kuibeba, na umpate mapema, sio mlangoni. Alafu omba muhtasari wa kikao kilichopita uusome kabla hujaenda, maana kwenye yatokanayo, pale wanapofuatilia yaliyosemwa kikao kilichopita, ndo wanabanwa walioahidi, jambo lililoandikwa haliwezi kuitwa jipya.

NYONGEZA: naona mnasema madiwani tuliwachagua watusemee, kila mtu akiongea tutakesha. Nusu mna haki. Nimeshaona mtu kapewa maiki aongelee mtaro akaanza na historia ya ukoo wake, na kuna wanaokuja kujipigia kampeni kabisa. Basi tuweke dakika tatu kila mtu, saa iwe mezani kila mtu anaiona, na mliokuja kwa jambo moja mchague msemaji mmoja. Ila kwamba diwani anatusemea, atasemaje kitu ambacho hajakisikia? Diwani wetu siku ile ndo kwanza alikuwa anajua kichochoro kile kinapitiwa na watoto, na alishapiga kura.

Mnaotaka vikao vifanyike mtandaoni pia nimewasoma. Kikao kikirushwa laivu anayeingia shifti usiku atakifuata, hilo halina ubishi. Mimi wasiwasi wangu ni kitufe cha kuzima sauti, ukumbini kumnyamazisha mtu kunaonekana na wote, mtandaoni anabonyezwa tu na mnadhani bando limekata. Wachanganye vyote viwili, ukumbi na mtandao, ila anayeongoza asiwe ndo huyohuyo mwenye kitufe.

Yule mama tulipeleka naye barua jana, tunataka namba nne irudishwe mezani kikao kijacho. Katibu kaipokea kagonga muhuri kwenye nakala yetu na tarehe juu. Nyie kwenu ajenda inafungwa siku ngapi kabla? Kuna aliyewahi kufanikiwa kurudisha kitu kilichokwisha kupitishwa?