Jobu ya saa sita usiku inapita, ya saa tisa inagoma kuingia SAP. Msaada wadau

Kijana wa Ngamiani
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Niko Tanga, kiwandani, nashika seva pamoja na ile programu inayopanga kazi za usiku (ndizo jobu zenyewe) na kuziamsha ndani ya SAP, mfumo wa kompyuta unaoendesha mauzo na mzigo wa kiwanda. Wiki mbili zilizopita tuliihamishia kwenye seva mpya na siku hiyohiyo yuza wake, yaani akaunti ya kuingilia SAP, akabadilishiwa nywila, mchana nikajaribu ikaingia vizuri kabisa nikajua yamekwisha, kumbe ndio kwanza yanaanza. Jobu ya kufunga mauzo inaanza saa sita na robo usiku, inapita kila siku. Ya saa tisa usiku, ambayo ndio inatengeneza hati za kutolea mzigo, inagoma kila siku, inasema jina au nywila si sahihi. Asubuhi nikiangalia SU01, ukurasa wa SAP wa kusimamia mayuza, nakuta yuza amefungwa, namfungua, nikitoka kula mchana nakuta kafungwa tena.

Alfajiri malori yanakuwa yameshapanga foleni hadi barabara ya Segera, hawana karatasi za kutokea, na mlinzi wa getini anapiga simu kwangu, si kwa mtu mwingine. Sijalala vizuri siku nane hizi. Naombeni msaada wa kweli.

Fundi Mtandao
Mkuu pole sana. Seva mpya maana yake IP mpya, yaani anwani ya mtandao, mimi naanzia kwenye fayawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano. Angalia namba ya instansi ya SAP yenu (SAP moja inayokimbia kwenye seva), kama ni 00 poti ya getiwei, yaani mlango ambao programu za nje zinaingilia, ni 3300, kama ni 01 ni 3301, unaenda hivyo. Na kama mnapitia mesej seva, ile inayogawa wanaoingia kwenye seva za SAP, basi ni 3600 kwa hiyo 00, hapo cheki pia faili la services kwenye seva mpya kama lina ule mstari wa sapms na jina la mfumo wenu, watu wengi wakihama seva wanausahau. Jaribu poti ukiwa kwenye hiyo seva yenyewe, usijaribu kwenye laptop yako.

Kijana wa Ngamiani
Nimejaribu mkuu, 3300 iko wazi, na jana nilikaa macho nikaijaribu saa tisa kasoro, iko wazi vilevile. Mstari wa services upo.

Binti Raskazone
Kaka, achana na fayawoli. Ukishaambiwa nywila si sahihi ujue umeshabisha hodi na mwenye nyumba kakujibu, ingekuwa poti imefungwa ungepata kwamba haipatikani au muda umeisha. Tatizo lako liko ndani.

Kwanza nieleweshe, saa tisa unayosema ni 03:00 kwenye seva? Nauliza kwa sababu nimeshaona mtu kaweka 09:00 kwenye ratiba akimaanisha saa tisa yetu.

Kama ni 03:00 basi tazama muda wenyewe. SAP ina mpangilio unaitwa login/fails_to_user_lock, kwa kawaida ni 5, nywila ikikosewa mara tano yuza anafungwa. Upo mwingine, login/failed_user_auto_unlock, ukiwa 1 kufuli hilo linakuwa la siku hiyo tu, ikishapita saa sita usiku anaruhusiwa kuingia tena. Ndio maana ya saa sita na robo inapita! Halafu kati ya hapo na saa tisa kuna kitu kinakosea nywila mara tano. Seva yako mpya haikosei, umesema mchana inaingia. Basi ni nani mwingine anatumia yuza huyohuyo kwa nywila ya zamani? Ile seva ya zamani mmeizima?

Kijana wa Ngamiani
Ndiyo dada, ni 03:00. Seva ya zamani niliambiwa imezimwa.

Binti Raskazone
Uliambiwa au uliona? Waombe watu wa basis, wale mafundi wa SAP, wakufungulie SM20, kumbukumbu ya ukaguzi wa usalama, kama ukaguzi umewashwa utaona kila jaribio lililoshindwa, saa yake na jina la mashine ilikotoka.

Kijana wa Ngamiani
Wakuu nimerudi. Dada Mungu akubariki. SM20 ina 00:30, 01:00, 01:30, 02:00, 02:30, yote kutoka mashine moja, jina la seva ya zamani. Kila nusu saa inajaribu kuunganisha kwa nywila ya zamani, na saa nane na nusu usiku yuza anafungwa, nusu saa tu kabla ya jobu yangu. Nimeshuka chumba cha seva mwenyewe nimeikuta taa ya kijani inawaka, mwenzetu aliiacha kwa ajili ya bakapu na sevisi ya programu inajiwasha yenyewe. Nimeisimamisha na nimeiweka isijiwashe tena. Leo ya saa tisa imepita, saa kumi na mbili kasoro lori la kwanza limetoka getini.

Fundi Mtandao
Hongera mkuu. Nami nimejifunza, ningekupeleka kwenye fayawoli wiki nzima.

Binti Raskazone
Alhamdulillah. Usiishie hapo kaka. Angalia SU01 huyo yuza ni aina gani, akiwa Dialog, aina ya watu wa kawaida, ipo siku nywila itaisha muda na utarudi palepale, aombewe aina ya System, ya programu, ambayo nywila yake haiishi muda. Na kila seva iwe na yuza wake, ya majaribio wake na ya kazi wake, mmoja akikosea asimfunge mwenzake.

Kijana wa Ngamiani
Ni Dialog kweli. Ombi nimeshalituma sasa hivi, naenda kulala.