Egzame ya penali spesiali: wizi, abi de konfiansi na eskrokeri binanichanganya

mwana_katuba
Bandugu jambo. Niko L2 ya droit (sheria) hapa Lubumbashi, egzame ya penali spesiali (sheria ya makosa moja moja) iko siku ya ine na kichwa imejaa. Silabusi nilishasoma mara mbili, ma artikele ya kodi penali, kitabu ya sheria ya makosa, najua kwa moyo (79 wizi, 95 abi de konfiansi ni kukula kintu yenye balikuaminia, 98 eskrokeri ni utapeli) lakini bakitupatia kesi tu, bintu byote binakimbia. Mu entero (testi) ya mwisho banatuambia: papa moja anaacha telefone kwa fundi wa soko ya Kenya atengeneze ekra, fundi anaiuzisha. Miye nikaandika wizi, ukurasa nzima, nikapata 3 ku 10. Kwani hakuiba? Telefone haiko yake, aliuzisha, makuta alikula. Na umeme inakata kila magaribi, nasomea ku tochi. Munisaidie tafazali.

yaya_wa_penali
Mudogo wangu, weye unaanzia ku artikele, njo shida. Anzia ku ile telefone: ilifika mu mukono ya huyu mutu namna gani? Fundi hakuichukua, mwenyewe njo alimupatia, na alimupatia muzuri, juu ya kazi yenye kujulikana, tengeneza kisha rudisha. Ubaya ilianza nyuma, siku tamaa ilimushika. Hiyo njo 95: umepewa kwa sharti ya kurudisha ao kufanyia kitu yenye mulipatana, weye unaikula.
Sasa geuza kesi. Huyu hayuko fundi hata kidogo, ameweka meza siku moja, kibao, bisi tatu na tournevis, bantu banamuachia ma telefone, magaribi hayuko. Pale bongo (uongo) ilikuwa mbele, na hiyo bongo njo ilifanya bamupatie. 98. Lakini usiandike tu "alidanganya" ukaenda kulala, bongo ya mudomo peke yake haitoshi, onyesha jina ya bongo, cheo ya bongo, ao ile mipango yote ya meza na kibao.

karani_wa_kesho
Yaya nakubali ila kuko mutego. Si kila fasi yenye umepewa ni 95. Mutu anafika ku meza, "baba ebu nione ile telefone", unamupatia, anaigeuza geuza, anaruka ku pikipiki yenye mwenzake anawasha, bale! Ulimupatia ndiyo, lakini ya kuangalia tu mbele ya macho yako. Ile inabakia wizi, 79. Ba profesa banapendaka hii kesi sana. Na mwenye pikipiki usimusahau, artikele 21 na 22, za bale banasaidia kufanya kosa. Na kama balimukamata mbele hajaishika telefone, angalia artikele 4, jaribio inapata azabu sawa na kosa yenye kutimia, bengi banaandikaka eti nusu.

mama_fotokopi
Ba yaya banasema yote, miye niko na neno moja: angalia kitabu yako ya kodi penali ni ya mwaka gani. Mwaka yangu nilinunua fotokopi ku kibanda, bei chini, nikaisoma mpaka karatasi zinatoka. Kumbe ilikuwa ya kala, mbele ya sheria ya 20 Julai 2006, na artikele 170, ya ubakaji, ilikuwa ingine kabisa. Niliandika muzuri sana kintu yenye haiko tena 😭 Dekre ya kodi yenyewe ni ya 30 Januari 1940 lakini tafuta yenye iko na mabadiliko ya 2006, na ile ya 31 Desemba 2015 pia. Zaidi ya hapo kampusi na gereza yote iko ku Kasapa, ukikosa njia moja...

mwana_katuba
😂😂 Mama wee. Aksanti bote. Ebu nijaribu: mama mudogo anapatia mutu wa kuchenja makuta dola 100, anasema "ngoja nilete franka kwa rafiki", mupaka leo. 95?

yaya_wa_penali
Pale alishika zile dola, alikuwa anataka kuchenja ao alishapanga kukimbia? Kesi haisemi. Njo andika yote mbili, kisha uchague, na useme juu ya nini umechagua. Na alikuwa kweli mutu wa kuchenja, ao alikalia tu kiti ya mwingine? Andika hapa leo magaribi, nasahihisha.