Faiba, rauta au king'amuzi? Nataka kukesha na kikapu cha vyuo Novemba hii

Kikapu_Usiku
Wakuu, habari za usiku. Msimu wa kikapu cha vyuo Marekani unaanza tarehe 4 Novemba na mwaka huu, 2024, sitaki kusimuliwa. Duke wanafungua na Maine, kisha tarehe 12 kuna zile mechi mbili za Atlanta: Kansas na Michigan State, halafu Kentucky na Duke. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja tu kati ya hivi: faiba ya nyumbani, rauta ya laini ya simu na bando la mwezi, au dishi na king'amuzi nilipie kifurushi kikubwa chenye chaneli za michezo. Kipi kitanifaa? Fundi wa faiba yuko mtaani kwetu wiki hii tu, nahitaji kuamua kabla ya Ijumaa.

Mzee_wa_Upanga
Mkuu, umetutajia Atlanta lakini wewe mwenyewe hujasema unakaa wapi. Faiba ya Mikocheni na faiba ya Chanika si kitu kimoja. TV yako inaingia intaneti au ni ya zamani? Kazini unaingia saa ngapi? Unalala chumba kimoja na watoto? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Nyota_Nairobi
Faiba, bila kuuliza swali lingine. Hapa kwangu South B nina faiba mwaka wa nne na mechi za saa tisa usiku nazitazama bila kukatika, maana saa hizo jengo zima limelala na laini ni yako peke yako. King'amuzi kitakuonyesha mechi wanayotaka wao. Wiki ya kwanza ya msimu kuna zaidi ya timu 300 za daraja la kwanza uwanjani, chaneli ya dishi itakupa mbili tatu, tena za vyuo vikubwa vilevile. Mimi napenda kuona chuo kidogo kikienda kumtoa mkubwa jasho nyumbani kwake, na hizo mechi utazipata kwenye intaneti tu.

Mwanza_Mawe
Naomba nieleze kilichonipata ili mleta mada asipite njia niliyopita mimi.

Mwaka 2019 nilinunua rauta na bando lililoandikwa halina kikomo. Sitataja kampuni. Wiki tatu za kwanza mambo yalikuwa safi kabisa. Usiku wa tarehe 26 Novemba, kwetu tayari ni 27, Duke walikuwa nyumbani kwao Cameron. Ndio waliokuwa namba moja nchini, na pale hawakuwa wamefungwa na timu ya nje ya konferensi yao, yaani kundi lao la ligi, kwa mechi 150 mfululizo. Mgeni alikuwa Stephen F. Austin, chuo cha Nacogdoches, Texas. Nilikuwa peke yangu sebuleni, taa nimezima, sauti nimeshusha hadi nasikia friji.

Mchezo ukaenda muda wa nyongeza. 83 kwa 83, mpira uko kwa Duke, sekunde zinakwisha. Nikawaona wanaupoteza mpira, watu wanaugombania chini ya goli lao. Hapo hapo picha ikaganda, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Taa ya rauta ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikarudi nyekundu. Nikasimama nayo dirishani nimeinyanyua juu. Picha iliporudi nikakuta wageni wanakimbia huku na huku na ukumbi wote umenyamaza. 85 kwa 83. Nathan Bain, kijana wa Bahamas, alikuwa ameuchukua mpira akakimbia nao uwanja mzima na kuutia kengele ikilia. Kijana huyo, kwao Bahamas, kimbunga Dorian kilikuwa kimeiharibu nyumba yao na kanisa la baba yake Septemba ileile. Nimeshaliona lile goli marudio zaidi ya mara hamsini. Lakini lilipotokea nilikuwa nimeshika rauta dirishani.

Asubuhi nikawapigia. Wakaniambia "halina kikomo" maana yake haliishi, ila ukishatumia kiasi fulani spidi inabanwa hadi mwisho wa mwezi. Yale maelezo yalikuwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, herufi ndogo kama chembe za mtama. Kwa hiyo mkuu, ukinunua rauta uliza swali moja dukani: spidi inabanwa baada ya GB ngapi? Mechi moja huchukua saa mbili hivi, na kwa picha nzuri inakula GB 4 hadi 6. Piga hesabu ya mechi 20 za mwezi.

Nyota_Nairobi
Pole sana kaka. Ndiyo maana nasema faiba.

Mama_Nasra
Wanangu, mnazungumzia vitu vya gharama mno. Mimi ni mpishi wa maandazi hapa Tanga. Saa tisa usiku niko jikoni kila siku ya Mungu, iwe kuna mpira au hakuna. Simu naiegemeza kwenye kopo la unga, picha naiweka ile ya chini kabisa, bando la usiku la bei ndogo linanitosha mechi nzima na chenji inabaki. Nikisukuma donge la kwanza wanaanza, karai likishika moto ni mapumziko, adhana ya alfajiri ikitoka wako dakika za mwisho. Binti yangu anacheza shuleni ndiye aliyenifundisha. Mpira hauonekani vizuri kila mara, lakini nikitazama miguu ya mabeki najua mpira uko wapi. Mleta mada aseme kwanza TV ni ya lazima au ni hamu tu.

Kampala_Kawempe
Swali la kifaa mtalimaliza wenyewe. Mimi nataka watu waelewe kwa nini tarehe 12 si ya kukosa. Khaman Maluach anavaa jezi ya Duke. Kijana amezaliwa Sudan Kusini akakulia hapa kwetu Kawempe, akaenda akademia ya NBA kule Senegal, na Julai hii alikuwa Olimpiki Paris akiwa na miaka 17. Wote mnakumbuka Sudan Kusini walivyoikaribia Marekani kwenye mechi ya kirafiki kule London, 101 kwa 100. Watu wote watamtazama mwenzake wa Duke, Cooper Flagg, na ni haki yake, lakini sisi tuna wetu pale katikati.

Ibra_Muscat
Jamani kuhusu saa, wengi mtaamka wakati si wake. Marekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwaka huu tarehe 3, na msimu unaanza kesho yake. Sasa hivi Oktoba, New York na Dar ni tofauti ya saa 7. Kuanzia tarehe 3 ni 8. Mechi ya saa 1 jioni kwao ni saa 9 usiku Dar, na huku kwetu Muscat saa 10. Zile za Atlanta ni Jumanne kwao, lakini kwenu ni Jumatano tarehe 13: ya kwanza saa 8 na nusu usiku, ya Kentucky na Duke saa 11 alfajiri. Mwaka jana ndugu yangu aliamka usiku wa siku isiyo yake, akakaa mbele ya TV hadi kunakucha.

Mzee_wa_Upanga
Ibra, saa 9 ni usiku wa manane, wala hujakosea. Ila saa 11 kwetu watu wameshasimama kituoni, hiyo ni asubuhi.

Ibra_Muscat
Saa 11 ni alfajiri mzee wangu. Asubuhi ni jua.

Mzee_wa_Upanga
Nenda Mbagala saa 11 ukawaambie waliomo kwenye daladala kwamba asubuhi bado.

Kikapu_Usiku
Asanteni wote. Niko Mbezi Luis. TV inaingia intaneti. Naishi na mke na mtoto wa miezi saba. Kazini ni Kariakoo, dukani tunafungua saa 2. Timu yangu ni Kansas, wamepewa namba moja kabla ya msimu kuanza. Mama Nasra, simu yangu kioo kimepasuka katikati, ndiyo maana nataka TV.

Mswahili_Columbus
Kansas na duka la Kariakoo saa 2? Kaka, hilo ndilo ulilopaswa kutuambia mwanzo. Utatoka Mbezi saa 12 asubuhi ili uwahi. Mechi ya Kansas ya tarehe 13 inaanza saa 8 na nusu, inaisha kama saa 10 na nusu, hiyo unaweza. Ya pili utaitazama nusu ya kwanza tu.

Mimi niko Ohio, na hata huku watu wanakesha. Mechi za pwani ya magharibi zinaanza saa 5 usiku na kuisha baada ya saa 7, na kesho yake ni kazi. Ushauri wangu kwa watu wa nyumbani ni huu: weka nguvu kwenye wiki ya sikukuu yao ya Shukrani, kuanzia tarehe 25 Novemba. Wiki hiyo wanacheza mchana, na mchana wao ni jioni yenu. Mashindano ya Maui, kule Hawaii, mwaka huu yanarudi Lahaina, ukumbi wa watu 2,400 tu, baada ya moto wa Agosti 2023 kuwahamishia Honolulu msimu uliopita. UConn, yaani Chuo cha Connecticut, bingwa mara mbili mfululizo, anaanza na Memphis, na kwenu ni saa 4 na nusu usiku. Utatazama ukiwa umeshakula na umeshalaza mtoto.

Nyota_Nairobi
Maui yenyewe inaliwa. Mwaka huu wameanzisha mashindano mapya Las Vegas yenye pesa kwa wachezaji, timu nane zimeshakwenda. Miaka mitatu ijayo vyuo vikubwa vyote vitafuata pesa na Lahaina itabaki na majina madogo.

Mswahili_Columbus
Majina madogo ndiyo yaliyoizaa Maui. Desemba 1982 Virginia, namba moja nchini, wana Ralph Sampson wa futi 7 na inchi 4, walipita Honolulu wakitokea Japani wakafungwa 77 kwa 72 na Chaminade, chuo ambacho hata wanafunzi 1,000 hakikuwa nao. Hakuna TV iliyoonyesha. Baada ya hapo ndipo mashindano yakaanzishwa, 1984. Kwa hiyo mtu akiniambia Novemba haina maana, subirini mtoano wa ubingwa wa Machi, namwambia hajui anachokikosa.

Mwanza_Mawe
Mimi ni mmojawapo wa wanaosema Machi. Novemba timu hazijajuana, pasi zinapotea, makocha wanajaribu watu kumi na moja. Kukesha kwa ajili ya pasi zilizopotea ni gharama.

Kampala_Kawempe
Ndicho kizuri chenyewe. Novemba unamwona kijana siku ya kwanza kabla hajafundishwa kuficha woga. Machi wote wameshakuwa watu wazima.

Mzee_wa_Upanga
Hapo naungana na Kampala. Nilimwona Hasheem Thabeet akianza Makongo, mrefu, miguu bado haijamtii. Alipokwenda UConn 2006 nilikuwa naomba wajomba wa Marekani waniambie kwa simu amezuia mipira mingapi. Wiki hadi wiki namba inapanda. Miaka mitatu baadaye ni mchezaji bora wa ulinzi wa konferensi ya Big East mara mbili, yumo kwenye ile mechi ya Syracuse iliyokwenda nyongeza sita na kuisha baada ya saa 7 usiku wa New York, 127 kwa 117, na Juni 2009 anachukuliwa wa pili katika usajili wa NBA. Sikuona hata mechi moja ya Novemba yake. Kama ningekuwa na rauta ya kubanwa spidi ningeikumbatia.

Mwanza_Mawe
Mzee, lakini Thabeet alipofika NBA hakuwika. Maluach msimpandishe mapema.

Kampala_Kawempe
Maluach anakimbia uwanja wote, mkono wake ni laini kuliko wa Thabeet wa umri ule.

Mzee_wa_Upanga
Mkono laini utauona Machi. Kuzuia mpira Thabeet hakuna aliyemfikia, na sitaki mtu anibishie mimi niliyemwona na vumbi la Makongo miguuni.

Mama_Nasra
Acheni kugombana kwa watoto wa watu. Mleta mada, mkeo kasemaje? Mtoto wa miezi saba akiamka saa tisa kwa kelele za TV, ni nani wa kumbembeleza?

Kikapu_Usiku
Mke amekubali kwa masharti mawili: sauti iwe chini, na usiku wa mechi nikimsikia mtoto nimchukue mimi. Hilo halina shida, anaamka saa tisa hata bila mpira.

Fundi wa faiba amekuja jana. Amepima kutoka kwenye nguzo, waya umepungua mita 40, kasema atarudi "wiki ijayo". Dishi bado silikatai, jirani analo na amesema nikatazame kwake kwanza nione wanaonyesha nini, ila saa nane usiku siwezi kugonga mlango wa mtu. Kama kuna mdau wa Mbezi au Kimara ana rauta ya kuazima hadi tarehe 13 aniambie.

Mdau_wa_Kimara
Ninayo mkuu. Ila pini ya chaji imelegea, inabidi uiegemezee kitu. Ni laini zote. Umeme ukikatika betri yake inakaa saa moja na nusu.

Mwanza_Mawe
Saa moja na nusu haifiki mwisho wa mechi. Muulize spidi inabanwa baada ya GB ngapi.