Klorofili (rangi ya kijani ya mwani) ya Ziwa Tanganyika: nisome mwanga wa nanometa ngapi?

Wakuu, nachota maji mto Luiche unapomwaga ziwani, hapa Ujiji, napima yananyonya mwanga kiasi gani. Mvua ikinyesha, namba ya nanometa 440 (mwanga wa buluu) inapaa kweli, ila ndoo ina tope, ukijani hamna. Nisome wapi?

Mtabora: Achana na 440 mkuu. Tope na maji ya majani yaliyooza hunyonya sana mwanga wa buluu. Nenda kwenye nyekundu: kwenye grafu ya unyonyaji chora mstari kutoka nanometa 650 hadi 715, kisha pima kilele cha klorofili pale 676 kimeinuka kiasi gani juu ya mstari huo.

Dagaa: Kwa kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1? Ziwa letu lina mwani kidogo mno, utaambulia namba za kuyumba tu. Chuja lita kadhaa, pima kichujio chenyewe.

Muulizaji: Kile kimo cha 676 nakigawa kwa ngapi nipate kiasi cha klorofili?

Mtabora: Loweka baadhi ya vichujio kwenye asetoni itoe klorofili, uipime na kuilinganisha na kimo, upate kigawanyo chako. Cha vitabuni hubadilika na aina ya mwani.