Mzee wangu kalizwa na "fundi wa kompyuta" wa kwenye simu, halafu benki inamwambia "uliruhusu mwenyewe"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Mzee alikuwa anasoma habari kwenye laptopu yake. Ghafla skrini nzima ikawa nyekundu, king'ora kinalia, sauti ya mwanamke inarudia ileile: kompyuta yako ina virusi, usiizime, piga namba hii. Anabonyeza alama ya kufunga, haifungi. Mtu wa miaka 70 na ushee, yuko peke yake nyumbani, mashine inampigia kelele. Akapiga.

Kinachoniuma ni kwamba hapakuwa na kirusi chochote. Ule ni ukurasa wa kawaida wa intaneti, umetanuliwa tu ukaziba skrini yote. Angeshikilia Esc kidogo, au angebonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja akakifunga kivinjari, au hata angeizima mashine kwa kitufe chake, biashara ingeishia hapo. Akiwasha tena, asikubali tu kivinjari kimrudishie kurasa alizokuwa amefungua. Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauwekwi namba ya simu. Sasa nani alimwambia mzee hilo? Hata mimi ninayejifanya mjuzi sikuwahi kumwambia.

Aliyepokea simu alikuwa mpole kupita kiasi. Anamwita "baba", anamwambia achukue kalamu aandike jina lake na "namba ya mfanyakazi". Akamwelekeza apakue programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kisha amsomee tarakimu zilizotokea. Programu hizo ni halali, mafundi wa maofisini wanazitumia kila siku, ndiyo maana ile ya kukinga virusi haikusema kitu. Mzee anasema kishale kilianza kutembea chenyewe naye ameinua mkono juu, hagusi kitu.

Jamaa akamfungulia Event Viewer, lile daftari ambamo Windows huandika kila kinachotokea ndani yake. Limejaa alama nyekundu na njano. "Unaona baba? Zote hizi ni athari za wadukuzi." Wakuu, fungueni zenu sasa hivi. Hata mashine iliyotolewa kwenye boksi jana itakuwa nazo, maana Windows huandika humo hata huduma ndogo iliyochelewa kuwaka. Lakini mzee ananijibu, "Mwanangu, niliziona kwa macho yangu." Unamjibu nini?

Akalipa kwa kadi ya benki "ada ya ulinzi". Hiyo nilikuwa tayari kuisamehe.

Siku chache baadaye wakapiga tena. Kampuni inafungwa, wanamrudishia ada yake, aingie kwenye akaunti ya benki wao wakiwa wameunganishwa. Skrini ikawa nyeusi kwa muda, ati mashine inajisafisha. Iliporudi, akaunti ya matumizi ilikuwa imeingia hela yenye sifuri moja zaidi ya ada aliyolipa. Na yule kijana akaanza kulia kwenye simu. Kulia kabisa! Amekosea kuchapa, atafukuzwa kazi, ana watoto, baba naomba unisaidie urudishe kilichozidi.

Hela ile ilikuwa ya mzee mwenyewe. Waliihamisha kutoka akaunti yake ya akiba gizani pale. Lakini mzee hajawahi kukaa na senti ya mtu maishani mwake, akatoka mbio kununua kadi za zawadi, zile unazolipia dukani na mwenye namba zake ndiye anayetumia hela iliyomo, akazikwangua, akamsomea namba moja baada ya nyingine. Keshia akiuliza, alishaambiwa aseme ni za wajukuu. Saa tatu na zaidi simu haikukatwa, ilikuwa mfukoni mwake hata dukani.

Nilipojua, siku 11 zilikuwa zimepita. Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu mwaka jana jirani alipigwa kwa mtindo kama huu na mimi nilicheka mbele yake. Hilo nalibeba mimi.

Nilichofanya: kwanza nikaikata mashine kwenye intaneti. Nikakuta programu za kuendesha kwa mbali ni mbili, ya pili wameificha iwake yenyewe kila mashine inapowashwa. Nywila nilibadilisha kwa kutumia simu yangu, si ile laptopu, nikianza na ya barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anazibadilisha nyingine zote. Nikatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia humo, nikakagua kama wameweka amri ya kupeleka nakala za barua kwao. Kisha nikahifadhi picha na nyaraka pembeni, nikapiga Windows upya. Waliotoa kadi za zawadi niliwapigia nikiwa na kadi zenyewe na risiti. Moja ilikuwa bado haijatumika, wakaizuia. Ukiwahi, unaokoa kitu. Siku 11 si kuwahi.

Sasa benki. Dada wa huduma kwa wateja ananisomea kama kanda: mteja aliingia mwenyewe, aliidhinisha mwenyewe. Sikatai. Lakini mtu aliyedanganywa na aliyeamua kununua kitu ni kitu kimoja? Na akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka inamwagwa kwenye nyingine, dakika chache baadaye inaishia kwenye kadi za zawadi, na mfumo mzima hauoni ajabu? Nimeandika pingamizi la ile ada ya kwanza iliyokatwa kwenye kadi. Naambiwa nisubiri.

Na kabla hata hatujapumua, akapiga "wakili". Matapeli wamekamatwa, hela ipo, alipe gharama ndogo za kufungua faili. Ni walewale, au waliouziwa namba yake na walewale. Mzee akataka kulipa!

Aliyewahi kushinda pingamizi la namna hii anielekeze aliandika nini. Inbox iko wazi.

Jana nimempigia mzee mara tatu, hapokei. Nilipofika nikamwuliza, mbona jina langu linatokea kwenye simu? Akasema jina nalo wanaweza kuliigiza. Na kweli wanaweza.