Naomba ushauri: joto linawamaliza nguruwe wangu huku Malindi

Wafugaji wenzangu, habari zenu. Nipo Ganda, Malindi. Kaskazi ya safari hii ni kali mno. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza kama sisi, basi mchana nawakuta wamelala ubavu kwenye mkojo wao, wanahema midomo wazi, pumba hawagusi. Wanaonyonyesha ndio wananiumiza roho zaidi: hawali, maziwa yanapungua, watoto wanadumaa. Na dume akipigwa na joto, mbegu hudhoofika kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hasara nyingine iko njiani.

Banda ni la mabati. Nataka kuezeka makuti juu yake na kuwachimbia dimbwi, ila kisima changu kina maji ya chumvi. Kuwaogeshea sawa, lakini kunywa je? Aliyejaribu makuti, yamemsaidia? Nikiwalisha alfajiri na usiku tu, watashiba?