Msiba wa taifa ulikukuta kwenye kazi ya usiku? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Silom

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wote waliowahi kuishi kwa kipato cha usiku, iwe kaunta, jikoni, mlangoni au jukwaani, halafu nchi ikaingia kwenye maombolezo. Naanza mimi.

Nilikuwa Bangkok, mchana nafundisha Kiingereza, usiku namsaidia rafiki yangu kwenye baa ndogo pale Silom. Ilikuwa baa ya mashoga, kama zilivyo nyingi kwenye vichochoro vile. Najua wapo watakaokereka, lakini nasimulia nilichokiona kwa macho yangu.

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 2016 ikatangazwa kwamba Mfalme Bhumibol wa Thailand amefariki, baada ya kutawala miaka 70. Serikali ikaomba starehe zipunguzwe kwa siku 30. Kupunguza maana yake nini, kila mwenye baa aliamua mwenyewe. Jirani yetu alifunga kabisa. Sisi tulifungua bila muziki, taa za rangi tukazima, meza za nje tukaziingiza ndani.

Nguo nyeusi ziliadimika mjini na bei ikapanda. Watu walijipanga barabarani kwenye masufuria ya rangi inayochemka, unatumbukiza shati lako la njano au bluu, linatolewa jeusi likichuruzika. Kwetu kazi hiyo aliifanya msanii wetu mmoja, mwanamume ambaye kila Ijumaa alipanda jukwaani na gauni la shanga. Alikusanya mashati ya wahudumu wote akayatia rangi kwenye ndoo nyuma ya jiko, mikono mitupu. Kucha zilibaki nyeusi siku nyingi. Huyu hakuwa na mshahara, aliishi kwa tipu za jukwaani, na jukwaa lilikuwa limefungwa. Picha ya mfalme ilikuwa pembeni ya kioo chake cha kujipambia miaka yote. Alikuwa na msiba wa kweli, na kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri vilevile.

Wateja wachache waliokuja hawakufuata pombe. Wengi kwao hawajajitambulisha kuwa ni mashoga, na ukiwa umemficha mama yako nusu ya maisha yako, hata kulia mbele yake unajibana. Pale kwetu walilia bila kujibana. Ndiyo maana mpaka leo nasema, baa kama ile ukiifunga wakati wa msiba unawafungia watu mlango wa matanga yao.

Mhudumu wa Mwanza

Pole na hongera kwa uzi, mwalimu. Mimi nilikuwa mhudumu wa baa Mwanza Machi 2021. Magufuli alifariki tarehe 17, tukaambiwa maombolezo siku 14, baadaye zikawa 21. Kwetu baa ilijaa kuliko kawaida! Lakini watu walifuata televisheni, kila mtu na soda yake moja anaikalia saa tatu. Walionusurika ni wa jikoni, supu na chapati zilitoka mpaka zinakwisha. Sisi wa vinywaji tunaolipwa kulingana na mauzo tulirudi nyumbani na nauli. Mwili ulipopita Mwanza kuelekea Chato tulifunga wote tukaenda barabarani, na hilo silijutii hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini hakuna mtu anayemkumbuka mlipwa-kwa-siku anapotangaza siku hizo.

Dada wa Peckham

London ilikuwa tofauti kabisa. Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na serikali ikasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kufunga biashara wala kuahirisha shughuli. Nilikuwa nafanya usafi kwenye baa mbili za Soho na sikukosa zamu.

Mwalimu, baa za mashoga za huku hazikuuawa na msiba, ziliuawa na kodi ya pango. Kati ya 2006 na 2017 zaidi ya nusu zilifungwa. Black Cap ya Camden ilifungwa 2015, Joiners Arms mwaka huohuo. Royal Vauxhall Tavern imebaki, na jengo lake limewekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Vijana nao wanatafutana kwa simu. Sawa, lakini nina rafiki aliyekimbia Kampala. Simu ilimpa watu wa kuonana nao usiku mmoja. Aliyemwonyesha wakili wa kesi yake ya ukimbizi, na chumba cha kupanga, ni mama wa kaunta kwenye baa.

Kaka wa Queens

Hapa Marekani bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili ya baa yenyewe. Tarehe 12 Juni 2016 watu 49 waliuawa ndani ya Pulse, klabu ya mashoga ya Orlando. Mimi niko New York, nikaenda na wenzangu nje ya Stonewall, baa ya mashoga yenye historia ya kudai haki zao. Umati ulijaa barabara nzima. Siku chache baadaye, tarehe 24, Obama akaitangaza Stonewall kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa. Pulse haikufunguliwa tena, jiji lilikuja kununua kiwanja ili pajengwe kumbukumbu.

Mwalimu wa Silom

Asanteni sana. Dada wa Peckham, hata Bangkok ndiko inakoelekea. Soi Twilight, kichochoro cha baa hizo karibu na Silom, kilifungwa kupisha ujenzi, baa zikahamia Patpong. Tangu tarehe 23 Januari 2025 wapenzi wa jinsia moja wanafunga ndoa kisheria Thailand, na vijana wanakaa mgahawa wowote wakiwa wameshikana mikono. Nafurahi kwa ajili yao. Wale wa umri wa msanii wetu ndio wanaonipa mawazo.

Malkia Sirikit, mjane wa Mfalme Bhumibol, naye alifariki tarehe 24 Oktoba 2025. Kama kuna mdau aliyekuwa kazini Bangkok wiki zile, atuambie: jukwaa lilifungwa? Na waliosimamishwa walilipwa chochote?